Jibu kwa dada wa Nkuhungu: wakutanishe kwanza wanaomsaidia mtoto

Dada uliyeandika jana kutoka Nkuhungu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mtoto wa marehemu kaka yako, miaka 10, amerudia kukojoa kitandani na anatoroka darasani. Shule inasema ana kiburi, kanisani wanasema mapepo, baba yako anataka arudi Kongwa, na uliposhauriwa umpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, ukaogopa maneno ya watu. Umeuliza uanzie wapi. Nimepita hapohapo na mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kirefu.

Alikuja kwangu Chang'ombe kutoka Mpwapwa akiwa na miaka 9. Miezi ya mwanzo alikuwa kimya, nikadhani ni msiba. Kisha ikawa nikiamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo wa nyanya soko la Majengo, namkuta ameketi mlangoni, amevaa viatu, godoro limelowa. Siku moja nikafungua begi lake la shule nikakuta kipande cha ugali kilichokauka, amekifunga vizuri kwa karatasi ya daftari. Nilimfokea. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Watu wa kusaidia hawakukosekana. Shida ni kwamba kila mmoja alimvuta upande wake. Kliniki ya afya ya akili waliniambia asichapwe, na alale mapema saa ileile kila siku. Shuleni alichapwa kwa kutoroka. Ijumaa nilikuwa naenda naye mkesha wa maombi, tunarudi kunakucha. Bibi yake alituma mizizi kwa basi. Maneno ya wote yalipitia kwangu, nami nilikuwa nayapunguza njiani: kliniki sikutaja mizizi, shuleni sikutaja kliniki. Niliona aibu.

Aliyenitoa hapo ni afisa ustawi wa jamii wa kata yetu. Alinisikiliza, akauliza kama hao wote wanaonishauri wamewahi kukaa pamoja. Hawakuwahi. Jumamosi iliyofuata tulikaa ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye mabenchi mawili: mwalimu wa malezi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mzee wa kanisa, mimi na mume wangu. Nesi wa kliniki hakuweza kufika, akatuma maelekezo kwa karatasi. Bibi tulimpigia, simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa. Akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akalia, na sote tukamngoja amalize.

Tulikubaliana mambo machache. Fimbo basi. Mkesha basi, mzee wa kanisa akaahidi kuja kumwombea nyumbani jioni. Mizizi isimame mpaka kliniki waelezwe. Mhudumu wa afya, ambaye anakaa mitaa miwili kutoka kwangu, ndiye awe mshika kamba: jambo lolote jipya lifike kwake kwanza, naye awaambie wengine. Na kuwe na daftari moja linalokwenda na kurudi na mtoto. Asubuhi mimi niandike alivyolala na godoro likoje, mchana mwalimu aandike alivyoshinda. Jina la ugonjwa lisiandikwe humo, maana madaftari hupotea na mtaa una masikio. Mtoto mwenyewe alielezwa ni la nini.

Wiki ya tano mhudumu alikuja, akalifungua daftari mkekani, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa akitoroka Jumatatu, na karibu kila mara usiku wa kuamkia siku hiyo godoro lilikuwa limelowa. Akaniuliza taratibu, "Mama, Jumapili jioni hapa nyumbani huwa kuna nini?"

Jumapili jioni ndugu wa Mpwapwa hupiga simu. Mimi nilikuwa nasimama uani tukibishana kama mtoto arudishwe au abaki, na dirisha la chumba chake liko uani. Alikuwa anasikia kila kitu. Ule ugali ulikuwa wa safari. Vile viatu vilikuwa vya safari.

Mwalimu peke yake asingeliona hilo, maana yeye aliiona Jumatatu tu. Daktari naye anamwona mara moja kwa mwezi. Hakupona siku hiyo. Kliniki tuliendelea karibu mwaka mzima, na kuna wiki tulirudi nyuma. Ila kuanzia hapo tulijua tunapambana na nini. Mhudumu aliniuliza na mimi nalala saa ngapi, na nani ananisaidia. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza.

Kuhusu Mirembe: hospitali ile ipo tangu 1927, na jina lake tumeligeuza tusi mitaani. Kwenda kliniki si kulazwa. Na usiridhike na wanaosema atakua na ataacha, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18.

Mtoto akitamka kutaka kufa, au ukishuku kuna mtu anamfanyia ukatili, usingoje kikao wala daftari. Nenda hospitali siku hiyohiyo, piga 116, simu ya mtoto, ambayo ni bure, au fika polisi Dawati la Jinsia na Watoto.

Kama hayo hayapo, Jumatatu nenda ofisi ya kata, muulizie afisa ustawi wa jamii. Usimwonee haya: Sheria ya Mtoto ya 2009 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Atakuwa na kata nzima mgongoni, kwa hiyo mwombe kitu kimoja tu, awaite watu watano wakae saa moja. Chukua namba zao zote, maana wa kwetu alihamishwa baada ya miezi minane na bila namba zile tungetawanyika.

Na baba yako akipiga tena kuhusu Kongwa, toka nje ya geti kabla ya kupokea.