Semi mpya au ubaki na ya zamani?

Kaka umeuliza ukope ununue semi mpya au ubaki na Scania 124 yako kwa sababu inakunywa sana mafuta. Mi nakwambia anza na njia unayopiga. Tuseme mpya inakuokolea lita 6 kila kilomita 100, Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930, kwenda na kurudi unabakiza lita 110 hivi, zidisha kwa bei ya pampu ya leo uone, si hela ndogo hiyo, na ndo maana wenye magari mapya wanabeba mzigo kwa bei ambayo wewe ukiuchukua umekula hasara. Ila hesabu hiyo inakubali gari ikiwa inatembea!! Ukilala foleni ya mpakani huokoi hata lita moja na rejesho la benki halijui foleni, mwenye 124 isiyo na deni anapiga zake usingizi. Halafu hizi za Euro 5 (kiwango cha Ulaya cha kupunguza moshi mchafu) nyingi zinataka AdBlue, yaani dawa ya kusafisha moshi inayojazwa kwenye tenki lake, ikiisha au sensa ikizingua gari inajipunguza nguvu yenyewe, sasa uwe unapanda mlima Kitonga na tani 28 mgongoni, fundi wa spana tu hakusaidii hapo. Kama unapiga kokoto na mchanga humuhumu mjini usijisumbue, pima nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini) na jaza upepo, maana tairi laini zinakula mafuta balaa (na dereva aache kukanyaga mpaka chini jamani). Kama ni Zambia na Kongo na mzigo wa kurudi nao una uhakika nao, kakope.