Inhela mpya ikikusumbua, tazama saa kabla ya kuilaumu dawa

Umebadilishiwa inhela ya pumu, na siku ya tatu mikono inatetemeka na koo linawasha, na wiki kadhaa baadaye sauti imepwelea. Wengi wakifika hapo husema dawa imewakataa, wakaiweka kando. Usiiache bado. Jiulize kwanza: kero inaanza muda gani baada ya kuvuta? Inayokuja papo hapo, inayokuja baada ya dakika chache na inayojitokeza baada ya wiki kadhaa hazina chanzo kimoja, wala haziondolewi kwa njia moja.

Kikohozi cha papo hapo

Ukikohoa mara tu baada ya kuvuta, mara nyingi tatizo ni namna chombo kinavyotumiwa. Inhela za gesi na inhela za unga zinataka pumzi tofauti kabisa, na mtu anapohama kutoka moja kwenda nyingine huhama na mazoea yake ya zamani.

Inhela ya gesi hurusha dawa yenyewe, kwa kasi. Kazi yako ni kuifuata polepole: toa pumzi, anza kuvuta, bonyeza mara moja, endelea kuvuta taratibu kwa sekunde 4 au 5, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10 hivi. Ukivuta kwa pupa, dawa hugonga nyuma ya koo na kubaki hapo. Inhela ya unga haina gesi ya kuisukuma. Pumzi yako ndiyo inayoupasua unga uwe chembe ndogo za kufika mapafuni, kwa hiyo unavuta kwa nguvu tangu mwanzo, si kuanza taratibu na kuongeza kasi njiani. Aliyezoea gesi akaivuta ya unga kistaarabu, unga hubaki mzito na kutua mdomoni. Hapo hupata hasara mbili: koo linapata dawa nyingi na kifua kinapata kidogo.

Vyombo vya unga vina masharti mengine. Usipumulie ndani yake, maana unyevu hugandisha unga. Geuza uso pembeni utoe pumzi, ndipo uweke mdomoni. Turbuhaler, aina moja ya inhela ya unga, ishikwe wima unapozungusha kitako chake mpaka mwisho na kukirudisha hadi kilie “klik”. Ukiilaza, dozi haipimwi sawasawa. Sauti unayoisikia ukiitikisa ni ya kikausha unyevu, si dawa, na itaendelea kusikika hata chombo kikiwa kitupu. Amini namba au alama ya dozi, si sauti. Na usishangae kutosikia ladha yoyote. Unga wa dozi moja ni mdogo mno, na wapo wanaorudia mara mbili mbili wakidhani hawakupata kitu, kisha wanalalamikia moyo kwenda mbio.

Unga mwingi huchanganywa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo huweza kuwa na chembe za protini ya maziwa. Asiyevumilia maziwa tumboni tu, kwa kawaida hana shida. Mwenye mzio halisi wa maziwa, wa kuvimba au kubanwa, amwambie daktari kabla ya kuvuta.

Kwa upande wa gesi, dawa kali ya koo ni spesa, chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Mpulizo mmoja kwa wakati, si miwili kwa pamoja. Uvute ndani ya spesa, subiri sekunde 30 hadi 60, tikisa inhela, ndipo upulize wa pili. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha iache ikauke yenyewe. Kuifuta kwa kitambaa huzalisha umeme tuli kwenye plastiki, na dawa hunata ukutani badala ya kukufikia. Spesa haitumiki na inhela ya unga.

Mtetemo na moyo kwenda mbio

Kero inayoanza dakika chache baada ya kuvuta na kupungua baada ya saa moja au zaidi ina sura yake: mikono hutetemeka, moyo hudunda, kichwa huuma, misuli ya miguu hukaza usiku. Hii ni dawa kweli, ile sehemu inayofungua njia za hewa. Inhela nyingi za kinga (za kuvuta kila siku) za siku hizi huchanganya stiroidi, inayotuliza uvimbe wa njia za hewa, na dawa ya kufungua inayodumu muda mrefu, kama formoterol au salmeterol. Ukiwa umetoka kwenye stiroidi pekee, mwili wako unaiona kwa mara ya kwanza. Kwa watu wengi mtetemo hupungua ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Kipindi hicho punguza kahawa na vinywaji vya kuchangamsha, kwa sababu kafeini huongeza chumvi kwenye kidonda.

Lakini hesabu pia unavuta kiasi gani jumla. Kosa la hatari kuliko yote katika kubadilisha inhela ni kuendelea na ile ya zamani sambamba na mpya, “mpaka iishe”. Kama zote mbili zina dawa ya kufungua ya muda mrefu, umejizidishia dozi. Soma majina ya dawa ndani ya boksi, si jina kubwa la biashara lililo mbele, na uliza waziwazi: hii inachukua nafasi ya ipi? Formoterol hufanya kazi ndani ya dakika chache, ndiyo maana baadhi ya inhela zenye formoterol na stiroidi hutumiwa kwa kinga na kwa kuokoa pia. Salmeterol huchelewa, haifai kabisa kumwokoa mtu aliyebanwa. Rangi ya chombo haitakuambia tofauti hiyo.

Sauti na utando mweupe

Baada ya wiki kadhaa ndipo stiroidi huonyesha alama yake. Sauti hupwelea, au utando mweupe hutokea kwenye ulimi na mashavu kwa ndani, ambao ni fangasi ya kinywa. Tofauti na mtetemo, haya hayazoeleki. Njia rahisi ni kuvuta inhela kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na jioni: vuta, sukutua kinywa, gogomoa maji kooni, tema, ndipo mswaki. Kumeza maji hayo ni kuipeleka dawa tumboni. Mwenye meno ya bandia ayavue na kuyaosha. Fangasi ikishaota, kusukutua hakutoshi. Inahitaji dawa yake, mara nyingi nystatin ya matone, inayozungushwa mdomoni kwa muda kabla ya kumezwa. Sauti ikigoma kurudi ilhali uvutaji wako ni sahihi, kuna nafasi ya kubadilisha aina ya stiroidi au chombo. Walimu na waimbaji wasione haya kulidai hilo.

Maikrogramu hazilingani

Mtu akitoka maikrogramu 200 kwenda 100 hudhani amepunguziwa. Si lazima. Chukua beclometasone, stiroidi inayouzwa kwa majina kama Qvar na Clenil: ile ya Qvar ina chembe ndogo sana, na nguvu yake ni takriban mara mbili ya ile ya Clenil kwa uzito uleule. Ndiyo maana mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwataka madaktari waandike beclometasone kwa jina la bidhaa. Aliyebadilishiwa kwa namba ileile bila kuliangalia hilo anaweza kupata dozi kubwa mno au nusu yake. Dozi ikiwa ndogo, kinachojitokeza ni pumu inayorudi: kukohoa usiku, kifua kulia alfajiri, inhela ya kuokoa kutumika mara nyingi kuliko zamani. Watu huyaita haya madhara ya dawa mpya, wakaipunguza tena, na shimo likazidi kuchimbika.

Kifaa cha kupima kasi ya pumzi hukata ubishi. Pima asubuhi na jioni, mara tatu kila kipimo, andika namba kubwa; anza wiki moja kabla ya kubadilisha kama unaweza. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chako bora, tafuta ushauri. Chini ya asilimia 50 ni dharura.

Kundi moja lichukue tahadhari ya pekee: wanaotumia ritonavir au cobicistat, zilizomo kwenye baadhi ya tiba za VVU, au itraconazole ya fangasi. Dawa hizi huzuia ini kuvunja fluticasone na budesonide, stiroidi za inhela, stiroidi ikajaa mwilini, uso ukavimba na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zikalala. Mtajie daktari dawa zote, hata zile usizopenda kuzitaja.

Yapo yasiyosubiri. Kifua kikibana ghafla mara tu baada ya kuvuta inhela mpya, badala ya kufunguka, tumia inhela ya kuokoa, usirudie ile mpya, na uonane na daktari siku hiyohiyo. Midomo au uso kuvimba, maumivu ya kifua, kushindwa kumaliza sentensi, midomo kubadilika rangi: kaa wima, vuta salbutamol, dawa ya inhela ya kuokoa, mpulizo mmoja mmoja kwa spesa kila sekunde 30 hadi 60, usizidi 10, huku msaada wa hospitali ukiitwa.

Kwa yaliyobaki, usiache inhela ya kinga ghafla. Rudi kliniki na vyombo vyote viwili, cha zamani na kipya, pamoja na daftari la saa na vipimo, na uvute mbele ya daktari au mfamasia bila kuelezwa chochote kwanza. Kama ya kinga ni ya unga na ya kuokoa ni ya gesi, uliza kama zote zinaweza kuwa za aina moja, ili usilazimike kukumbuka pumzi mbili tofauti saa nane za usiku.