Skripti 14 kila jioni, moja moja: nifanyeje?

SWALI: Jambo kaka. Natumika mu depo ya dawa hapa Bukavu, pale Kadutu, na tuko na vituo vitatu vya kuuzisha. Kila jioni wananiletea fishie za SQL za mauzo ku USB, zote pamoja zinafika 14 hivi, na mimi nazifungua moja moja mu masini, nakopi, nabandika ku MySQL (programu yenye kutunza stok yetu), nangoja imalize, nakuja ku ingine. Inanikula saa nzima. Juzi nikapitisha moja mara mbili, stok ya parasetamol ikashuka chini ya ziro, bosi akanifokea mbele ya wateja. Windows haiwezi kuzipitisha zenyewe usiku? (Dada wa stok, Kadutu)

JIBU: Pole sana dada, na asante kwa kusema ile ya mara mbili, juu njo shida yenyewe iko pale. Kuzipitisha zote kwa mara moja ni mistari kumi na kitu tu. Lakini kujua ipi imepita na ipi haijapita, na kusimama pale moja inapokataa, hapo njo stok inapona ao inaharibika.

Fungua Notepad, andika hii, uihifadhi kwa jina usiku.bat:

@echo off
cd /d C:\depo
mysqldump --login-path=depo stok > D:\bakap\kabla.sql
if errorlevel 1 goto kosa
for /f "delims=" %%f in ('dir /b /on *.sql') do (
echo %%f >> ripoti.txt
mysql --login-path=depo stok < "%%f" >> ripoti.txt 2>&1
if errorlevel 1 goto kosa
move "%%f" zimepita
)
exit /b 0
:kosa
echo IMESIMAMA >> ripoti.txt
exit /b 1

Mbele ya yote inatengeneza bakap, na angalia vizuri bakap iko inaenda D, haibaki mu C:\depo, juu ikibaki pale na jina lake linaishia na .sql, ile ile programu itaiokota na kuipitisha sawa fishie ya mauzo! Fishie ikipita bila kosa inahamishwa mu foldari zimepita (itengeneze mbele), kwa hiyo umeme ukikatika katikati, na unajua vile unakatikaka hapa kwetu, yenye imebaki mu C:\depo njo haijamaliza, unaanzisha tena na hizo tu.

Sasa majina. Ukitazama foldari ku Windows unaona 2 mbele ya 10, unasema iko sawa, lakini dir inapanga herufi kwa herufi, 10 inakuja mbele ya 2. Andika 001, 002, 010, na utie tarehe mu jina. Na usitumishe fishie moja kwa moja toka ku USB, zikopi kwanza ku diski, mu C:\depo.

Umeme ukikatika mu nusu ya fishie, je? Tengeneza tebo moja ya InnoDB (aina ya tebo ya MySQL yenye kuweza kurudi nyuma), iite zilizopita, yenye jina la fishie kama ufunguo wake mkuu, yaani jina moja haliingii mara mbili. Kisha omba wale wa vituo kila fishie ianze na START TRANSACTION (kufungua kazi), ifuate INSERT ya kuingiza jina lake mu ile tebo, na iishe na COMMIT (kufunga kazi). Ikikatika mbele ya COMMIT, MySQL ikiamka inafuta ile nusu yote (kama tebo za stok nazo ni za InnoDB), na mtu akileta fishie ile ile mara ya pili, MySQL inakataa na kosa 1062, parasetamol haiguswi. Hii linda ya pili usiiache. Ila ALTER TABLE (amri ya kubadilisha umbo la tebo) usiichanganye humo, MySQL inafunga kazi papo hapo na hairudi nyuma.

Neno la siri usiliandike mu bat, kila mwenye kukaa ku masini atalisoma. Piga mara moja tu: mysql_config_editor set --login-path=depo --user=stok --password, uweke jina la yuza wako wa MySQL pale pa --user. Linahifadhiwa kwa yule yuza wa Windows aliyelipiga, kwa hiyo kazi ya usiku nayo iende kwa jina lake yeye, kama sivyo mysql itakataa kuingia na utatafuta sababu siku mbili.

Saa unaipanga mu Planificateur de tâches, programu ya Windows ya kupanga kazi. Kuko kisanduku kimoja pale kimetiwa alama tangu mwanzo, kinachosema kazi ianze tu kama masini iko ku umeme: kama ni laptop, kitoe alama, kama sivyo usiku wa giza haitaanza kabisa. Kile cha kuanzisha kazi iliyokosa saa yake, kitie alama.

Jaribu wiki moja ku kopi ya stok mbele ya kugusa ile ya kweli. Kisha kila asubuhi, mbele ya mteja wa kwanza, fungua ripoti.txt: ukikuta IMESIMAMA, jina lenye kuwa juu yake njo fishie yenye kosa. Kama IMESIMAMA iko pale bila jina la leo juu yake, ni bakap iliyokataa. Na kama ni 1062 yenye kutaja jina la ile fishie, imeshapita, ihamishe kwa mkono mu zimepita uanzishe tena.