Mtoto kavaa shime sikio, mbona haongei?

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbeya aliniandikia ujumbe mrefu usiku. Mwanawe ana miaka mitatu na nusu, alivalishwa shime sikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, miezi minne iliyopita, na mpaka leo hajatamka neno hata moja. Mama mkwe ameanza kusema ile fedha ingeezekea nyumba bati. "Dada, wewe uliwezaje?" Nimemjibu yeye kwa ufupi, lakini swali hili naulizwa na wengi, basi nalijibu kwa wote.

Mama mwenzangu, anza na hesabu. Mtoto anayesikia vizuri huanza kusikia angali tumboni. Akishazaliwa husikiliza kama mwaka mzima kabla hajasema "mama", na hakuna anayemdai neno kabla ya hapo. Wako ana miaka mitatu na nusu ya kuzaliwa, lakini masikio yake yana miezi minne. Wataalamu wana jina lake, umri wa kusikia, na ndio unaopaswa kuuhesabu. Mpe mwaka wake na yeye.

Wangu, naye wa shime sikio, sasa yuko darasa la nne. Mwezi uliopita kwenye mahafali ya shuleni kwao yeye ndiye aliyepewa kipaza sauti kuwakaribisha wageni. Alimtaja mgeni rasmi kwa cheo chake kirefu chote, hakukwama popote. Nililia mbele ya watu na sikujificha, maana kuna waliokuwa wamekaa kwenye viti vile ambao waliniambia kwa midomo yao kuwa mtoto huyu hatasema.

Alipokuwa mdogo nilisema hasikii, nikaonekana nina wasiwasi. Nikaambiwa wavulana huchelewa. Babake naye alichelewa. Mfuniko wa sufuria ukianguka anageuka, sasa hasikii vipi? Tulikwenda Muhimbili akapimwa amelala, nyaya zimebandikwa kichwani, majibu yakatoka desibeli 70 kwa masikio yote mawili. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, yaani sauti iliyo chini ya 70 hakuisikia. Hapo ndipo kila kitu kilipoeleweka. Mazungumzo ya kawaida ya mtu aliye umbali wa mita moja ni kama desibeli 60. Kwa hiyo sufuria aliisikia, bodaboda aliisikia, mlango ukibamizwa aliusikia. Jina lake halikumfikia. Watoto wa namna hii ndio wanaopoteza miaka mingi, kwa sababu kila mtu ana ushahidi kwamba wanasikia.

Siku alipovalishwa zile mashine alilia, akazing'oa, akazitupa. Nyumba nzima ikawa upande wake. Bibi yake akasema mtoto anaumia, mvueni. Sikukubali. Nilizifunga uzi, nikaubana kwa pini kwenye kola ya shati, na kila alipovua nilimrudishia bila kugomba. Akiamka zinaingia, zinatoka wakati wa kuoga na kulala tu. Ukimvalisha saa mbili kwa siku "azoee kwanza", mwaka wake mmoja wa kusikia utachukua miaka sita. Na hilo nitalirudia mpaka mnichoke: muda wote alio macho.

Betri za vile vifaa vidogo hutumia hewa. Ukishabandua ile karatasi ya rangi, iache kama dakika moja kabla ya kuiweka, na usibandue za akiba maana zitakwisha bila kutumika. Kwa joto na jasho la Dar, usiku mashine ilale kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na zile chembe za kunyonya unyevu. Ikipiga miluzi sikioni, mara nyingi ile plastiki ya ndani imekuwa ndogo kwa sababu mtoto amekua. Rudi ikatengenezwe mpya, usipunguze sauti.

Kila asubuhi kabla ya chai nilimpima kwa sauti sita. Alizipanga mtaalamu anayeitwa Daniel Ling, nazo ni m, u, a, i, sh na s, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba kabisa. Zikimfikia zote sita, basi karibu usemi wote unamfikia. Kaa ubavuni au nyuma yake asikuone mdomo. Usiuzibe kwa kiganja, maana utaififisha sauti yenyewe. Tamka moja, nyamaza, tamka nyingine, na usifuate mpangilio mmoja kila siku, watoto ni wajanja. Wangu aliikosa s. Samaki akawa "amaki", sahani ikawa "ahani", na watu wakacheka wakidhani ni utoto. Nilikwenda kliniki na karatasi niliyoandikia sauti anazokosa, mashine ikarekebishwa. Baadaye ile s ikaja yenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Sasa kuna jambo la Kiswahili chetu ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtoto wa namna hii hushika mkia wa neno na kuacha kichwa. Kitabu kinakuwa "tabu". Lakini sisi mambo yetu tunayaweka kichwani! Nani kafanya, lini, imekuwa au haikuwa, vyote viko mwanzo wa kitenzi, mahali ambapo sauti ni hafifu. Jioni moja nilimwambia, "Baba hatakuja leo." Akaenda kukaa mlangoni kumsubiri. Alikuwa amesikia "atakuja". Kile ki-h kidogo hakikumfikia, akakaa pale mpaka usingizi ukamchukua. Siku ile iliniuma kuliko siku ya majibu ya hospitali.

Toka hapo kila "ha" nikaipa uzito. "Haaatakuja. Yuko kazini. Leo haji." Nikikuna nazi, nasema nakuna. Dada yake akikuna, anakuna. Tukikuna wote, tunakuna. Mtoto husikia lile badiliko la mbele mara nyingi ndani ya jambo analoliona kwa macho yake. Hukuhitaji kununua kitu hapo. Jiko unalo, nazi unayo, mdomo unao.

Na mwache asikie kabla ya kuona. Sema "lete kikombe" bila kunyoosha kidole wala kukitazama kikombe. Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Akina mama wengi hatuwezi kunyamaza, tunasema mara tano mfululizo kisha tunakifuata wenyewe. Asipoelewa, muonyeshe, halafu useme tena bila kuonyesha. Zima televisheni, zima redio, msogelee. Kila umbali ukizidi maradufu sauti hupungua kama desibeli 6, kwa hiyo kumwita kutoka uani hakumfundishi kitu.

Shule ya kwanza walinambia hawana uwezo naye kabla hata hajaketi. Ya pili wakampokea, wakamweka nyuma kabisa karibu na dirisha la barabarani, halafu wakaniandikia kuwa hasikilizi. Bado nina ile barua. Alipo sasa mwalimu wake alimweka mbele, akawa anamtazama anapozungumza badala ya kuuzungumzisha ubao, na hakuna zaidi ya hapo alichofanya. Walimu mnaosoma hapa, jambo hilo mnaliweza hata darasa likiwa na watoto tisini.

Msinielewe vibaya kuhusu lugha ya alama. Mtoto ambaye sauti hazimfikii vya kutosha hata akivaa kifaa anahitaji lugha leo, na alama ni lugha kamili. Mzazi asimnyime kwa ajili ya aibu ya majirani. Vilevile msifikiri upasuaji ndio mwisho. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio mwaka 2017, kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mtoto aliyepandikizwa naye huanza umri wake wa kusikia siku kifaa kinapowashwa. Naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye kutwa. Mtu huyo si daktari. Ni wewe, na ni baba pia, anayedhani kulipia mashine kumemaliza kazi yake.

Mama wa Mbeya, usimwambie tena mwanao "sema mama, sema mama". Kesho asubuhi mpime zile sauti sita kabla ya uji. Andika anazogeukia na anazokosa, kila sikio peke yake, fanya hivyo wiki nzima, kisha ile karatasi uipeleke kliniki wakarekebishe mashine kwa kuitazama. Mama mkwe naye mpe kazi ya kumsimulia mjukuu wake anapochambua mboga.