Mipini ya bomba la bia, wakati mfuko umekauka

Nakusanya mipini ya bomba la bia, ile anayoishika muuza baa akivuta bia ya pipa kuijaza kwenye glasi. Mtaani kwetu Walukuba, hapa Jinja, hobi hii ina maelezo marefu, hasa kwa kuwa mimi ni mtu wa soda. Lakini waliozoea wamezoea, na leo nataka kusema na wenzangu wanaokusanya vitu huku maisha yamewabana.

Anza nyumbani. Mama watoto aliniwekea sharti mapema: pesa ya karo na pesa ya posho, yaani unga wa chakula, haziguswi, na mpini ukiingia bila yeye kujua, unatoka siku hiyohiyo. Nililalamika kidogo. Kazi zilipokatika, sharti hilo ndilo lililoiokoa hobi, maana hakukuwa na kitu cha kuninunia. Nimeona makusanyo mazuri yakiuzwa kwa bei ya kutupa, si kwa njaa, bali kwa sababu mke au mume aligundua matumizi ya siri katika mwezi mbaya.

Baa za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikaruhusiwa kufunguliwa tena Januari 2022. Karibu miaka miwili. Wahudumu niliokuwa nikiwauliza habari za bomba jipya au la zamani walirudi vijijini, wengine wakaingia kwenye bodaboda. Vifaa vya baa navyo vikaanza kuonekana kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: friji, viti, hata minara ya bomba, zile nguzo za kaunta zinazobeba bomba. Hapo mkusanyaji hupata tamaa. Ushauri wangu ni kuuliza mali ni ya nani kabla ya kuuliza bei. Mara nyingi bomba na mpini wake ni mali ya kiwanda cha bia. Mwenye baa amepewa atumie tu. Kama muuzaji hana karatasi wala neno la mwenye baa, pita. Na kama ni mwenye baa mwenyewe anauza vyake kihalali, usimkandamize. Mtu aliyefungiwa biashara anauza kwa uchungu, na kesho akifungua tena atakukumbuka ulivyomtendea.

Wakati wa ukata, kazi yenye faida ni ile isiyohitaji pesa, nayo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ziwa likiwa jirani, hewa ya Jinja ina unyevu. Mbao huvimba, chuma cha ndani ya tundu la chini, mpini unapofungwa kwenye bomba, hushika kutu, na mchwa hawajali kama mpini umetoka Chicago au Katwe. Kwa hiyo shusha mipini yote na uikague mmojammoja. Ya plastiki na ya rangi ifute kwa kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha kausha kabisa. Usiiguse kwa thina wala petroli hata kidogo. Fundi rangi wa jirani atakushawishi, lakini thina huondoa uchafu pamoja na maandishi, na mpini usio na maandishi ni kipande cha mti. Ya mbao usiiloweke. Kutu ya kwenye tundu itoe kwa mswaki mkavu, halafu pitisha tone la mafuta ya cherehani. Ubao wa kuitundika usiegemee ukuta moja kwa moja, acha nafasi hewa ipite.

Ukiikagua hivyo, pima na meno ya skrubu. Mipini ya Marekani kwa kawaida ina tundu la inchi 3/8 lenye meno 16 kwa kila inchi. Ya Ulaya mingi huja na meno ya milimita. Bolti ya huku usiilazimishe kwenye tundu la kule; ukiyala meno ya ndani, mpini hausimami tena. Nenda duka la spea na mpini mkononi, jaribu bolti kwa vidole tu, bila spana.

Muda wa kusoma pia ni mtaji. Sheria ya kupiga marufuku pombe ilipofutwa Marekani mwaka 1933, majimbo mengi yalitaka bomba lioneshe jina la bia inayotoka, ili mteja asiuziwe nyingine. Ndiyo maana mipini ya zamani ya kule ni vitufe vifupi vyenye jina kwenye uso wake. Ile mirefu yenye sanamu za samaki na majoka ilikuja baadaye sana, viwanda vidogo viliposhindania macho ya mnywaji. Ukijua hilo, mtu hawezi kukuuzia joka la resini, ile plastiki ngumu ya kumimina, akisema ni la enzi ya babu. Hapa kwetu bomba nyingi nilizoziona zina kishikio kifupi cheusi, na jina la bia, Bell au Nile Special, liko kwenye mnara wenyewe. Kwa hiyo mimi hukusanya na vibao vya majina hayo pia. Wenye hobi kali watanisuta, waniache.

Usinunue kwa hofu. Kiwanda cha bia cha Anchor cha San Francisco kilipotangaza kufungwa Julai 2023, wengi waliona huu ndio mwisho. Mwaka uliofuata kilipata mnunuzi. Kiwanda cha zamani kimetengeneza mipini kwa miaka mingi, haitaisha wiki hii. Na mpini wa resini ni mzito, kwa hiyo usafirishaji unaweza kuzidi bei yake, kisha forodha wanakungoja, na VAT ya asilimia 18. Mimi husubiri ndugu anayekuja Krismasi, tena namwomba mmoja tu, si mzigo.

Ikibidi uuze, amua sasa hivi, tumbo likiwa limeshiba, ni ipi itatoka kwanza. Mimi nimeiwekea ile iliyojirudia utepe mwekundu, ikifuatwa na ile mikubwa ya sanamu ambayo wageni huipenda kuliko mimi. Piga picha kila mmoja, andika urefu, meno na ulikotoka. Na mnunuzi akiomba ulipie usafiri, mwambie abebe mwenyewe.