Hapana. Ila ngoja niwaambie kuhusu kioski chetu cha maji

Wahariri, swali lenu la wiki hii gazetini lilikuwa: je, ni sawa chama cha upinzani chenye heshima zake kupitisha hoja bungeni kwa kura za wazalendo wa kupindukia? Nilisema "hapana" kwa sauti, peke yangu sebuleni, hadi mke wangu akauliza nagombana na nani.

Mlitoa mfano wa Ujerumani, kwa hivyo tuanzie huko. Januari 22, 2025, mtu mwenye kisu alivamia watoto wadogo kwenye bustani mjini Aschaffenburg. Wawili wakafa, mmoja wao mtoto wa miaka miwili. Mshukiwa alikuwa Mwafghani aliyetakiwa awe ameshaondoka nchini. Uchaguzi ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Friedrich Merz, aliyeongoza upinzani kupitia CDU, chama cha kihafidhina, akapeleka bungeni hoja ya kuwarudisha mpakani wote wasio na karatasi, akijua fika kwamba AfD, chama cha wazalendo wa kupindukia, wangeiunga mkono. Januari 29 ikapita kwa kura 348 dhidi ya 344. Siku hiyo hiyo, kabla ya kura, bunge hilo lilikuwa limefanya kumbukumbu ya waliouawa na Wanazi. Na ni Merz huyo huyo ambaye Novemba 2024 alikuwa amependekeza vyama vikuu visipitishe jambo lolote kwa kutegemea AfD. Angela Merkel, kansela wa zamani kutoka chama chake hicho, akatoka kimya chake kumkumbusha. Hoja yenyewe haikuwa na nguvu ya sheria. Mswada uliofuata siku mbili baadaye, ambao ndio ungekuwa sheria, ulianguka.

Merz alijitetea kwamba jambo sahihi haligeuki baya eti kwa sababu watu wabaya wamelikubali. Hapo ndipo nilipoweka gazeti chini. Maneno hayo nimeyasikia Kaptembwo, mtaani kwetu Nakuru, katika mkutano wa maji.

Ilikuwa baada ya ghasia za uchaguzi, watu wameanza kurudi mitaani lakini kila mmoja anajua jirani yake alilala wapi usiku ule. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezana. Tulikuwa na kioski cha maji cha jumuiya na kamati yake, nami nikiwa katibu kwa sababu mwalimu hupewa kalamu hata asipoiomba. Mwenyekiti alikuwa anakula pesa. Kila mtu alijua. Deni la pampu halipungui, bei ya mtungi inapanda, na ukiuliza unaambiwa stima. Kundi letu la upinzani, tujiite hivyo, tulileta hoja ndogo tu: kila nyumba inayoteka maji iandikishwe kwenye daftari, ili hesabu ya mitungi ilingane na pesa. Nani angepinga?

Mwenyekiti alipinga, na alikuwa na watu wake. Tukahesabu vichwa, tukaona hatufiki.

Kulikuwa na mzee mwenye duka la misumari na mabati karibu na stendi. Huyu ndiye aliyekuwa akisema hadharani kwamba mtaa una wenyewe na wengine ni wapita njia. Lugha ile ya mikutano ya Kapsabet ya 1991, ya kutaka "wageni" waondoke Bonde la Ufa, mnaijua. Alikuwa na wafuasi wachache, vijana wengi wao, na hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja. Akisimama kuongea, akina mama walianza kukusanya leso zao. Siku ya kura hakuna aliyemwendea kumwomba, nawaapia. Alinyoosha mkono tu, na vijana wake wakanyoosha. Kabla hatujashusha mikono akaongeza: "Na iandikwe pia kila mtu alihamia hapa mwaka gani." Watu wetu wakatazamana. Mmoja wetu, mtu mpole sana, shemasi, akasema hilo si tatizo, ni safu moja zaidi kwenye daftari. Hoja ikapita.

Tukabishana nje, kwenye ile miti ya jakaranda, kuhusu jinsi ya kuandika kumbukumbu. Shemasi alitaka niandike "wajumbe walikubaliana". Nikakataa, wengine walikuwa wamepinga. Akataka basi "wengi walikubali". Nikamuuliza, wengi gani? Akasema, na hili silisahau, kwamba kura haina jina la baba. Mwenye duka la misumari alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, akisikiliza na kutabasamu. Mwishowe niliandika "hoja ilipita", nikapiga mstari.

Daftari lilifanya kazi. Lazima niseme hivyo. Miezi michache pesa zikaonekana, deni la pampu likalipwa, bei ikashuka, mwenyekiti akajiuzulu akisingizia kisukari. Tulilotaka tulipata. Lakini kijana wa kufungua bomba naye akaanza kuuliza kabla ya kufungua: ulikuja lini? Hakutumwa na kamati. Safu ilikuwepo kwenye daftari, akaitumia. Mama mmoja muuza omena, aliyekuwa ameishi hapo kuliko mimi, akanijia na mtungi mtupu: "Mwalimu, mimi nimekuja na mtungi, sijakuja na historia." Nikaenda naye, akafunguliwa. Kesho yake hakuja tena. Alianza kuteka Rhonda, mbali, na wengine wa ploti yake wakamfuata.

Na yule mzee? Hakupata cheo. Ila watu walianza kumwamkia. Zamani ukikubaliana naye ulikubali moyoni, ukaona aibu. Baada ya kura ile hapakuwa na aibu, maana hata shemasi alikuwa upande wake. Hiyo ndiyo hasara niliyoiona mimi, na haimo katika kumbukumbu zozote nilizoandika. Baadaye kamati mpya ilimpa kazi ya kusoma mita kila Jumamosi. Akasoma mara chache, akachoka, akaacha kuja mikutanoni kabisa. Wapo waliosema mnaona, dawa yake ilikuwa kazi. Huenda. Lakini kijana wa bomba aliendelea kuuliza.

Sasa mtaniuliza: wewe wa Nakuru una mdomo wa kuwafundisha Wajerumani? Swali zuri, na limenisumbua nikiandika. Desemba 2, 2012 nilikuwa uwanja wa Afraha, hapa Nakuru. Uhuru na Ruto walisimama jukwaa moja, wakati huo wote wawili wakiwa na kesi The Hague, ambazo baadaye ziliporomoka. Wenye elimu waliuita muungano ule majina mengi. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma, kwa sababu watu wa jamii zao waliokuwa wakichomeana nyumba walikuwa wamesimama bega kwa bega uwanjani. Machi 2013 Nakuru ililala. Kwa hivyo siwezi kusema kwamba mtu safi asiguse mkono usio safi. Sisi tuliguswa, na watoto wetu wakaenda shule.

Tofauti naiona hapa: Afraha waliohofiana walikuwa ndani ya mapatano wote wawili. Bungeni Berlin mhamiaji aliyekuwa akijadiliwa hakuwa na kiti wala kura, kama mama wa omena alivyokuwa hayupo siku ile tunaongeza safu. Ila hata hilo lina tundu, maana shemeji yangu wa Kondele, Kisumu, angewaambia kwamba mapatano yetu ya Afraha yalimwacha nje, na Kisumu haikulala baada ya Mahakama ya Juu kuidhinisha ushindi wa Uhuru mwezi huo huo.

Tena tusimwonee Merz. AfD walipata asilimia 20.8 kwenye uchaguzi wa Februari 23, maradufu ya 10.4 za 2021, lakini kura za maoni zilikuwa zimeshawaweka karibu hapo kabla ya hoja yake. Na alipounda serikali aliungana na SPD, chama cha mrengo wa kushoto wa wastani, si wao.

Basi nirekebishe hapana yangu. Ikiwa hoja ni ya barabara, pampu au mshahara wa walimu, mpigie kura pamoja na yeyote, sitakulaumu. Ikiwa inahusu nani ni wa hapa na nani aondoke, usiipeleke ukijua inahitaji mikono yao. Na ikitokea wakainyoosha bila kuombwa, basi iondoe, hata kama ni nzuri, hata kama mwenyekiti ataendelea kula kwa mwaka mwingine. Hilo la mwisho naliandika kwa shida, kwa sababu mwaka ule mtungi ulikuwa ghali kweli, na sina hakika mama wa omena mwenyewe angekubaliana nami.