Kwa mnaoanza kazi ya miti mjini Arua, Uganda: anzeni na iliyosimama

Karibuni kazini. Swali la kwanza la karibu kila anayekuja ni moja: mwaka huu tunapanda miche mingapi? Kwa ripoti linafaa, lakini kivuli cha mji hakipimwi kwa miche. Kinapimwa kwa eneo la ardhi lililofunikwa na majani ukilitazama kutoka juu. Pigeni hesabu wenyewe. Mwembe wa zamani ambao matawi yake yametanda upana wa mita 10 unafunika karibu mita za mraba 78. Mche ulioshika vizuri, uliotanda upana wa mita 2, unafunika 3 na kidogo. Mwembe huo ukikatwa, mnahitaji miche 25 ya ukubwa huo ili mrudi tu mlipokuwa. Ndiyo maana mgeni yeyote namtuma kwanza barabarani kuangalia miti iliyopo. Kitalu atakiona baadaye.

Arua ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na jiji linataka nafasi: barabara zinapanuliwa, viwanja vinakatwakatwa, maghorofa yanapanda. Msumeno mnauona wote. Msichokiona ni miti inayouawa polepole miaka kadhaa kabla ya msumeno kufika. Takataka zinachomewa shinani kila jioni. Mafundi wanamwaga oili chafu kwenye mizizi. Mkandarasi anarundika kifusi hadi kiunoni mwa mti. Jifunzeni kutazama shina linapokutana na ardhi. Mti wenye afya hupanuka pale chini, mizizi mikubwa inaonekana ikianza kutoka. Ukikuta shina limezama ardhini wima kama nguzo, jua kuna udongo ulioongezwa, na mizizi iliyo chini yake inakosa hewa. Kwaruza kijitawi kwa ukucha: kama ndani ni kijani na kibichi, bado mna muda wa kuondoa kifusi hicho. Kiondoeni kwa mikono au jembe dogo, taratibu, msije mkachubua gamba.

Halafu zungumzeni na watu walio chini ya mti. Kwenye gereji na stendi za boda boda Kiswahili kinatumika, kwa hiyo hamna kisingizio. Msimwendee fundi na lawama kwamba anaua mti. Msalimie, kaa, muulize: "Fundi, mwembe huu ukianguka, saa nane mchana utafungulia injini wapi?" Anajua jibu kuliko wewe. Ukimletea pipa kuukuu la kumwagia oili, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayewagombeza wengine. Mlinzi wa mti ni yule anayekula mkate chini yake, na nasema hili kwa moyo wangu wote, kwa sababu hakuna ofisi yenye askari wa kutosha kusimama kwenye kila mwembe.

Sasa ardhi. Hapa ndipo wageni kutoka Kampala huteleza, maana kule wamezoea mambo ya mailo, yaani ardhi yenye hati ya mmiliki, na kibanja, yaani kipande cha mpangaji juu ya ardhi hiyo. Huku West Nile sehemu kubwa ni ardhi ya ukoo, na mti uliopandwa ni ushahidi. Ukichimba mashimo kwenye mpaka wa watu wawili, hata kwa nia njema kabisa, mmoja ataona umempa mwenzake ardhi. Miche itang'olewa usiku na hutaambiwa sababu. Kabla ya jembe kugusa udongo, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kisha kwa wazee wa ukoo, na akina mama wanaolima pale wawepo kwenye kikao. Semeni wazi mti utakuwa wa nani, nani atachuma matunda, nani ataruhusiwa kukata matawi ya kuni. Kikao hicho kinaweza kula siku nzima. Kipeni siku nzima.

Kwenye mikutano mtasikia kipimo cha Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mijini: kila nyumba ione miti 3, mtaa uwe na asilimia 30 ya kivuli, na mtu asitembee zaidi ya mita 300 kufika kwenye bustani. Nakikubali, ila kwa maoni yangu ile 30 haitatoka kando ya barabara. Kando ya barabara kuna mifereji, mabomba, nyaya za umeme na mkandarasi anayefuata. Itatoka kwenye nyua za watu, shule, misikiti, makanisa na viwanja vya misheni kama Ediofe na Mvara. Huko ndiko kwenye udongo ambao haujashindiliwa na mtu wa kumwagilia. Chini ya nyaya pandeni mpera au mlimau, basi.

Kuhusu aina ya mti: mkaratusi unakua haraka na unatoa nguzo nzuri, lakini kivuli chake ni chepesi na kiu yake ni kubwa, msiupeleke karibu na kijito. Mwembe na mwarobaini vinastahimili kiangazi. Mahogani ni wa kwetu na unatanda vizuri kwenye uwanja mpana. Kuna kiwavi anayetoboa ncha yake na kuufanya ugawanyike, jambo linalomuumiza mwenye kutaka mbao. Anayetaka kivuli hapotezi kitu. Mti wa shea, ule ambao kokwa zake hukamuliwa mafuta, unaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, kwa hiyo shea zilizobaki mashambani pembezoni mwa jiji zilindeni kabla shamba halijageuka kiwanja.

Kiangazi chetu kinabana kuanzia Desemba hadi Machi, na ndicho kinachoamua kila kitu. Mche uliopandwa Oktoba unakutana nacho ukiwa bado hauna mizizi. Pandeni mvua zinaposhika, Aprili au Mei, hata kama mgeni rasmi ana nafasi Oktoba tu. Shimo liwe na kina cha kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulioshika mche, na upana mara mbili au tatu yake. Vueni kiriba chote. Nimefukua miche mingi iliyokufa ikiwa ndani ya plastiki. Mizizi ikiwa imejiviringisha chini, kateni sehemu hiyo kwa kisu kikali na chaneni ubavuni mara mbili tatu, la sivyo itaendelea kuzunguka hadi ijinyonge. Wekeni matandazo, ila yakae umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kwa sababu mchwa wa huku hawahitaji kukaribishwa. Uzio wa miiba kwa ajili ya mbuzi ufungwe siku hiyohiyo. Kwa maji, chukueni dumu la lita 20, mtoboe tundu dogo chini, lijazwe mara mbili kwa wiki livuje polepole. Dumu zima litaibiwa. Tafuteni lililopasuka juu, ambalo halibebeki tena kisimani.

Mwisho kuna kupima. Hamhitaji mashine ya gharama. Chukueni picha ya setilaiti ya jiji, kompyuta itawanye pointi 500 bila mpangilio, kisha kwa kila moja mwandike: imeangukia majani au kitu kingine? Kama 100 zimeangukia majani, mna asilimia 20, na kosa la kawaida la makadirio hayo halifiki asilimia 2. Mkitumia pointi 100 tu, kosa hufika 4, na ongezeko dogo la kivuli hamtaliona kamwe. Hifadhini pointi hizohizo mzirudie baada ya miaka mitano, kwa picha ya mwezi uleule, kwa sababu iliyopigwa Januari, majani yamepukutika, haiwezi kulinganishwa na ya Septemba.